Mume yuko Norwich, mjomba kashapokea posa: talaka idaiwe nchi gani?

Barua hii imetoka Mikindani. Nimeifupisha, na vitu vichache vya kumtambulisha mwenyewe nimevitoa.

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 34. Mwaka 2015 niliolewa hapa Mikindani na Mwingereza aliyekuja Mtwara kwa kazi za gesi. Alisilimu, ndoa ikafungwa msikitini, cheti ninacho. Tuna binti mmoja wa miaka saba. Mwaka 2018 tulihamia kwao Norwich. Mwaka 2022 nikarudi na mtoto kumuuguza mama, na mwenzangu hakuja tena. Mwezi wa pili mwaka huu akaniandikia WhatsApp: 'Nimekuacha talaka tatu. Kafungue kesi huko huko, huku ni gharama na wanachelewesha.' Wiki iliyofuata akaleta karatasi kwa imeili, nisaini kwamba sitadai chochote, ndipo anitumie milioni tano. Hapa kuna nyumba ya Shangani tuliyojenga pamoja, hati ina jina langu. Eda nimemaliza. Kuna mnunuzi wa korosho wa Masasi kaleta posa, na mjomba ananiambia nisichezee bahati. Nidai talaka Tanzania au Uingereza? Na ile karatasi niisaini?"

Marahaba, mwanangu. Karatasi usiisaini. Iache huko huko kwenye imeili, usiijibu hata kwa kusema umeiona, mpaka wakili aisome. Mwanaume anayejua hadaiwi kitu hatoi milioni tano kununua ukimya wa mtu.

Halafu hiyo talaka ya simu. Kama imepita kidini, na kama ni moja au ni tatu, kawaulize masheikh. BAKWATA wapo na si kazi yangu kuwasemea. Lakini kiserikali wewe bado ni mke wa mtu, tena kwa nchi zote mbili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ivunjwe kwa amri ya mahakama, hata kama ilifungwa msikitini. Tamko la mume lina uzito wake mbele ya hakimu, ila peke yake halivunji ndoa. Uingereza ndiyo kabisa: talaka aliyoitoa mtu akiwa ndani ya nchi yao bila kupita mahakamani hawaitambui. Kwa hiyo kwa sheria za kwao mumeo alikuandikia meseji tu. Na sheria yetu hiyo hiyo inakataza mwanamke aliye ndani ya ndoa kufunga nyingine. Mjomba, kwa heshima zake zote, anakusukuma kwenye ndoa itakayokuwa batili.

Swali lako la nchi lina jibu refu kidogo, kwa sababu kote kuwili unaruhusiwa kufungua. Hapa nyumbani sheria inataka uwe na makazi ya kudumu Tanzania, au uwe umeishi nchini si chini ya mwaka mmoja kabla ya kufungua shauri. Vyote unavyo. Watu watakwambia uanze baraza la usuluhishi la ndoa, la kata au la BAKWATA, na kwa kawaida ni kweli. Lakini mdaiwa akiwa anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi sita ijayo, sheria inakuruhusu kuliruka baraza. Mahakama ya Hakimu Mkazi pale Mtwara mjini inaweza kulipokea shauri lako bila hiyo karatasi ya baraza, mradi ueleze hivyo kwenye maombi.

Uingereza nako huhitaji viza wala tiketi. Kwa kuwa yeye anaishi kule, mahakama zao zina mamlaka hata wewe ukiwa umekaa Mikindani. Maombi yanajazwa mtandaoni, ada imepita pauni 600, na tangu Aprili 2022 hakuna tena kuthibitisha nani alimkosea nani. Unasema ndoa imevunjika, basi. Kutoka maombi yanapopokelewa ni wiki 20 mpaka amri ya awali, kisha wiki sita na siku moja ndipo uombe ya mwisho. Huo ndio ucheleweshaji anaoulalamikia. Sasa kaulize watu wa Mtwara kesi ya talaka yenye ubishi wa mali huwa inachukua muda gani hapa kwetu, halafu uniambie nani anacheleweshwa.

Kwa hiyo si muda unaomsumbua. Tazama mali ilipo. Nyumba ya Shangani iko hapa, kwa jina lako. Nyumba ya Norwich iko kule, kwa jina lake, nadhani, na mafao yake ya uzeeni ya miaka yote ya kazi za gesi yako kule. Ukifungua Mtwara, hakimu atagawa mlichochuma pamoja, na kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinamwagiza aangalie mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Hapo uko salama. Lakini hukumu ya Mtwara itashika nini hasa? Nyumba ya Shangani. Mumeo ni mgeni, ardhi hamiliki hapa, ila anaweza kudai alipwe sehemu yake ya saruji na mabati. Nyumba ya Norwich haitasogea kwa amri ya hakimu wa Mtwara, na mfuko wa mafao wa Uingereza hautekelezi mgawo wa mahakama ya nje. Mfuko huo unasikiliza mahakama ya kwao tu. Yaani ukifuata ushauri wake, kitakachowekwa mezani ni chako, chake kibaki kabatini.

Kule, mahakama inamtaka kila mmoja ataje kila alicho nacho, popote duniani, na inaanza na fikra kwamba aliyelea mtoto hakuchangia kidogo kuliko aliyeleta mshahara. Nisikufiche: na Shangani itatajwa. Usijaribu kuihamishia kwa dada yako wiki hii. Hakimu wa kule akiigundua atakuona mwongo kwenye mengine yote.

Kwa hiyo msimamo wangu ni Uingereza kwanza, au walau upate ushauri wa wakili wa kule kabla hujafungua chochote hapa. Lakini wakili wa kule analipwa kwa saa na bei yake inauma, hivyo kabla hujakopa fanya jambo moja dogo. Daftari la ardhi la Uingereza liko wazi kwa kila mtu. Ukiwa na anwani ya nyumba mliyoishi, unalipa pauni chache mtandaoni na kuona nyumba ni ya nani na kama benki inaidai. Ukikuta ilikuwa ya kupanga, na kazi zake zilikuwa za mikataba mifupi isiyo na mafao ya maana, basi funga hesabu, fungua Mtwara, upate uhuru wako. Sitaki uuze mikorosho ya mama kufuata kitu ambacho hakipo.

Ukikuta ni yake, fanya la pili hima. Mke ambaye jina lake halipo kwenye hati anaweza kuandikisha kwenye daftari hilo hilo haki yake ya kuishi katika nyumba ya ndoa. Hakuna ada. Anayetaka kuinunua ataliona hilo tangazo. Sasa sikiliza vizuri: kwa kawaida ulinzi huo unakoma talaka inapokamilika. Huyo anayekuharakisha ukavunje ndoa Mtwara anajua au hajui, mimi simo moyoni mwake, ila haraka hiyo inamfaa yeye.

Itakuwaje kama yeye ndiye atakayetangulia kufungua? Kati ya Tanzania na Uingereza hakuna kanuni kwamba aliyewahi ndiye ameshinda. Mahakama ya kule inaweza kuombwa isimamishe shauri na kupima wapi panafaa zaidi. Hata hivyo kutangulia kuna faida zake, kwa hiyo wito wowote ukikufikia usiuweke chini ya godoro. Na hata talaka ikitolewa hapa kihalali, Uingereza wanaitambua, kwa kuwa wewe ni raia na mkazi wa hapa, na sheria yao ya mwaka 1984 inakuruhusu kuomba haki ya mali baada ya talaka ya nje. Inabidi uombe ruhusa ya mahakama kwanza, na hawaitoi kwa kila anayeomba. Mlango upo, ila ni mwembamba.

Mlango huo unafungwa kabisa ukiolewa. Ndiyo, mwanangu, nimefika kwa bwana wa Masasi. Ukifunga ndoa nyingine kabla hujafungua dai lako kule, dai la nyumba na fedha limekufa, haijalishi mumeo alikutendea nini. Ukishalifungua ni habari nyingine. Mweleze mnunuzi wa korosho hivyo hivyo, mbele ya mjomba, bila kuzunguka. Mtu aliyezoea kuacha mzigo ghalani akisubiri mnada atakuelewa, na asipoelewa ni vizuri umjue sasa.

Matunzo ya binti ni shauri jingine kabisa na halingoji talaka. Hilo lifungue hapa, mwezi huu huu, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Tanzania Bara na Uingereza zina utaratibu wa kupokeana amri za matunzo: amri iliyotolewa hapa inapelekwa kule, inasajiliwa, na baba anabanwa alipo. Anza kwa ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, na waulize pia kuhusu wasaidizi wa kisheria. Tangu kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia ianze mwaka 2023 watu wengi wasio na hela ya wakili wamesikilizwa bure.

Na nyie wa Newala na Tandahimba mlioolewa ng'ambo ya Ruvuma, msisome haya mkadhani ni ya wenye wazungu tu. Hukumu ya Mtwara haivuki mto yenyewe. Mahakama za Msumbiji lazima ziithibitishe kwanza ndipo iguse shamba lililoko Mueda au Palma. Nanyi ulizeni mali ilipo kabla hamjauliza mahakama iliyo karibu.

Wewe wa Mikindani, leo jioni toa nakala za cheti cha ndoa, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, hati ya Shangani na risiti za ujenzi, hata zile zilizofifia. Cheti kama kimeandikwa Kiswahili kitupu, kule watataka tafsiri iliyothibitishwa. Meseji ya talaka ipige picha, namba yake na tarehe zionekane, kisha mtumie ndugu unayemwamini ili simu ikiibiwa isiende nayo. Najua unatamani kuifuta. Iache.

Mjomba akikubana kuhusu posa, mlete kwa wakili akasikie mwenyewe.