Wauguzi wapya wa huduma ya nyumbani, mwigeni nani?

Wadogo zangu mnaotoka wodini, kabla hamjauliza ratiba wala posho, tafuteni mtu wa kumwiga. Wodini kuna inchaji, yaani muuguzi msimamizi, na wenzenu wa zamu. Nyumbani mnaonwa na mgonjwa na ndugu zake tu, nao wanaona haya kuwasema. Mazoea ya miezi ya kwanza ni magumu kuyaacha.

Sista aliyenifundisha kazi hii alikuwa haendi na sare. Gari alikuwa analiacha mbali kidogo, kwa sababu majirani wakiliona wanauliza, na anayebaki kujibu ni mgonjwa. Akipiga hodi anangoja aambiwe karibu, anavua viatu, anatoa shikamoo, anakaa alipoonyeshwa. Mkoba hautui sakafuni: anatandika gazeti juu ya stuli, anauweka hapo, anatoa sabuni na taulo, ananawa, ndipo anagusa vifaa. Kabla ya kuufunga ananawa tena. Yote hayo familia inamtazama. Baada ya muda unakuta binti anayemuuguza baba yake naye ananawa kabla ya kugusa kidonda, na hakuna aliyemhubiria.

Mwigeni pia maswali yake. Mgonjwa wa saratani anayekunywa mofini ya maji kila baada ya saa 4 akisema maumivu yamepungua, wengi wetu tunafurahi na kuaga. Yeye anauliza choo: mara ya mwisho lini? Mofini inafunga choo, na mgonjwa asiyepewa dawa ya kulainisha choo anaweza kuiacha mofini kimyakimya. Kisha anaomba chupa, anapima iliyobaki, anaandika, bila kumtuhumu mtu.

Zawadi zitakuja. Chai kunyweni, kuikataa ni kuwadharau watu. Pesa msipokee kabisa. Kuku, waambieni wamchemshie mgonjwa supu, maana mkianza kubeba kuku, nyumba isiyo na kuku itajiona ina deni.

Ila msimwige mtu mmoja kwa yote. Namjua muuguzi ambaye ni fundi wa vidonda kwelikweli, lakini mkifika nyumba ya tatu, ya nyumba ya kwanza yameshasimuliwa. Chukueni ufundi wake, mdomo mwachieni. Mkiulizwa, "Yule jirani yetu anaendeleaje?" jibuni kwa upole, "Mpitieni mumjulie hali," halafu rudini kwenye kidonda kilicho mbele yenu.