Wasomaji Wanauliza: Likizo Kando ya Ziwa, Mwanza

SWALI: Ndugu Mhariri, shemeji yangu ametuazima nyumba yake iliyoko Igombe, nje kidogo ya Jiji la Mwanza, tukae huko wiki mbili mwezi Juni. Tutakuwa mimi, mume wangu, watoto watatu wa shule ya msingi na mama mkwe, ambaye miguu inamsumbua. Tunakuja na gari letu dogo. Naomba kujua huduma zinapatikana wapi, na ni matembezi yapi tunaweza kutoka asubuhi tukarudi jioni. Baba watoto anataka Serengeti, watoto wanataka kuogelea. — Msomaji wa Dodoma

JIBU: Ndugu yetu wa Dodoma, kabla ya kupanga chochote fahamuni kwamba Igombe iko kaskazini mwa jiji, mbele ya uwanja wa ndege, ilhali barabara kuu za kutoka Mwanza zinaanzia katikati ya mji. Safari yoyote ya mbali itaanza kwa kurudi kwanza mjini au kukatisha kupitia Buswelu, na mkichelewa kuondoka mtaumaliza ubaridi wa asubuhi ndani ya foleni. Kwa sababu hiyo tunashauri msipange matembezi ya mbali siku mbili mfululizo.

Mahitaji ya kila siku hayatawasumbua: maduka ya rejareja yapo, bodaboda ziko kila kona, na ununuzi mkubwa mnaweza kuufanya Rock City Mall, iliyo njiani kuelekea mjini, au katika soko kuu. Muulizeni shemeji mapema namba ya mita ya LUKU na hali ya tanki la maji, maana ni mambo ambayo mwenye nyumba huyazoea kiasi cha kusahau kumweleza mgeni. Kwa ajili ya mama mkwe, wekeni akilini kwamba hospitali ya rufaa ya mkoa ni Sekou Toure, na ile kubwa ya kanda ni Bugando, iliyo juu ya kilima kinachoonekana kutoka sehemu nyingi za mji. Dawa zake za kawaida zije naye kutoka nyumbani.

Samaki msinunue mjini. Nendeni mwaloni mapema, mitumbwi ikiingia, mchague sato mwenye macho maangavu na matamvua mekundu yasiyo na utelezi mzito. Dagaa nao wana hesabu yake: huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, kwa hiyo mwezi unapokuwa mpevu hupungua sana na bei hupanda. Ulizeni pia kama walianikwa kwenye vichanja au chini, kwa kuwa wale wa chini huja na mchanga ambao hauishi hata ukiwaosha mara tatu. Anayetaka kuona biashara hiyo kwa ukubwa wake aende Mwaloni Kirumba, ambako magunia ya dagaa hupakiwa kwenye malori ya kwenda mikoani na nchi jirani.

Kuhusu kuogelea, hapa hatutawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kichocho kipo katika Ziwa Victoria. Konokono wanaobeba vimelea vyake hukaa kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia, hasa penye magugu, yaani palepale ambapo watoto hupenda kuchezea, na vimelea hupenya ngozi bila mtu kuhisi chochote. Sehemu nyingine zina mamba na viboko, na mwenyeji wa pwani husika ndiye anayejua ni zipi. Ushauri wetu ni kwamba watoto waogelee kwenye mabwawa ya hoteli za kando ya ziwa, ambazo nyingi hupokea wageni wa kutwa kwa malipo, na ziwa lenyewe walifurahie wakiwa ufukweni. Ikitokea wameingia majini, wapelekwe kupima baada ya miezi miwili hivi, kwa sababu kipimo cha mapema mno huweza kutoonyesha kitu. Dawa yake, prazikwanteli, ni ya kumeza na inatibu. Jingine ni wadudu wadogo wa ziwani, ambao siku nyingine hunyanyuka majini kwa wingi hadi ukadhani ni moshi wa moto wa mbali. Hawaumi, lakini hufuata mwanga, kwa hiyo jioni hiyo zimeni taa za nje na mfunge madirisha kabla ya chakula.

Tukija kwenye matembezi, anzeni na Saanane. Kisiwa hiki kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013, nacho ndicho hifadhi ndogo kuliko zote nchini. Boti huondokea Capri Point na safari yake ni ya dakika chache tu. Watoto wataona swala pala, pimbi wanaoota jua juu ya majabali, na mijusi wenye vichwa vyekundu. Njia za kupanda mawe hazimfai mama mkwe, ila anaweza kubaki kivulini karibu na gati akitazama mji kutoka majini, jambo ambalo hata wakazi wengi wa Mwanza hawajawahi kulifanya.

Kwa maoni yetu, hata hivyo, safari itakayowafaa nyote sita ni ya Bujora, Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa huko katika miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na ndani yake mna ngoma za watemi na jengo lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Bahati yenu ni kwamba mnakuja Juni, kwa kuwa sherehe za Bulabo hufanyika karibu na sikukuu ya Ekaristi, ambapo Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ngoma wa Kisukuma, hushindana kucheza, kila upande ukitafuta kuvuta watu wengi zaidi, na chatu huwa sehemu ya mchezo. Ulizeni tarehe parokiani mkifika.

Baba watoto naye ana haki yake. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara hiyohiyo ya Musoma, mbele ya Lamadi, mwendo wa saa mbili hivi kutoka mjini, na mwezi Juni nyumbu mara nyingi huwa ukanda huo wa magharibi, karibu na mto Grumeti. Lakini gari dogo liacheni nyumbani mkodi la kupandia porini, kwani udongo mweusi wa kule ukipata mvua hata kidogo hunasa tairi. Malipo ya lango si ya fedha taslimu. Msivae nguo za buluu wala nyeusi, zinazovutia mbung'o. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, na mama mkwe apumzike siku hiyo.

SWALI: Tumepanga nyumba Luchelele. Je, kwenda Sengerema na Geita bado ni lazima kusubiri kivuko? — Msomaji wa Arusha

JIBU: Hapana. Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi kati ya Kigongo na Busisi, lilifunguliwa Juni 2025, na nyinyi mlioko upande wa Nyegezi mnalifikia kwa urahisi kuliko walioko Ilemela. Msidanganyike tu kwamba sasa Rubondo ni safari ya siku moja. Kisiwa kile, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, bado kinahitaji boti baada ya barabara ndefu, na sokwe wake hawaonekani kwa ahadi.

SWALI: Ukerewe kwenda na kurudi siku hiyohiyo inawezekana? — Msomaji wa Morogoro

JIBU: Ni vigumu. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio, mji wa bandari wa Ukerewe, huchukua saa tatu hivi, na ukishuka unakuwa na muda wa kula tu kabla ya kuitafuta ya kurudi. Laleni Nansio usiku mmoja, mkodi bodaboda au baiskeli kesho yake asubuhi, na mrudi na meli ya mchana. Ratiba hubadilika, hivyo iulizeni bandarini siku moja kabla, na chombo kikionekana kimejaa kupita kiasi subirini kinachofuata.