Barua kwa mwanangu: hizo 17 ziache

Mwanangu, marahaba. Ujumbe wako niliuona jana usiku nikasema nisikujibu juujuu. Umeniuliza, "Mama, nimepata rimu za spoti saizi 17 na tairi zake 205/40, jamaa anauza bei nzuri, nizifunge kwenye Corolla 100 au nibaki na hizi 13 za bati?" Mimi nasema hizo 17 usifunge, ila na hizo 13 pia usibaki nazo.

Kwanza kumbuka hiyo gari inafanya kazi gani. Ni stesheni wagoni ya kubeba machungwa ya Muheza, na wiki nyingine unapanda nayo mpaka Amani kufata iliki na mdalasini, sio gari ya kupunga upepo Raskazone hapa Tanga jioni baba. Ile njia ya Amani unaijua mwenyewe, mawe na makorongo. Sasa 205/40 maana yake upana wa tairi ni milimita 205 na mpira wa pembeni ni asilimia 40 ya upana huo, yaani milimita 82 basi, wakati 175/70 ulizonazo zina 122 na nusu. Huo mpira wa pembeni ndio unaopokea kishindo kabla hakijafika kwenye rimu na shokapu na boljointi, ukiupunguza alafu nyuma umepakia matenga hadi dirishani, shimo moja tu rimu imepinda au tairi imetoa kijipu ubavuni, na tairi ya kijipu haina dawa.

Hesabu nataka uijue mwenyewe ili mtu asikudanganye dukani. Upana zidisha kwa ile asilimia, zidisha mara mbili, jumlisha na kipenyo cha rimu, ile namba baada ya R (ni inchi, na inchi moja ni milimita 25.4). 175/70R13 inakupa kimo cha milimita 575. 205/40R17 inakupa 596. Sasa chukua 185/65R14, nayo inakupa 596 ileile! Umeona? Gari inanyanyuka sawasawa kwa zote mbili, kama sentimita moja hivi, ila moja imejaa mpira na nyingine imejaa chuma. Ndo maana nakwambia chukua 14. Tena 185/65R14 nyingi zina namba 86 ubavuni, yaani tairi moja inabeba kilo 530, hizo zako za sasa kama ni 82 ni kilo 475. Kwa mtu wa machungwa hiyo ni kitu kikubwa. Spidi mita itakudanganya kidogo, ikisoma 80 wewe uko 83, kwa hiyo kwenye vibao vya 50 usikanyage mpaka 50 kamili, wenye tochi hawatakusikiliza habari za tairi.

Hapa sasa nisikilize vizuri mana miaka yote niliyouza tairi Ngamiani watu walikuwa wanaangalia urembo wa rimu hawageuzi nyuma. Corolla yako ni 4x100, yaani stadi 4 (bolti zinazopita kwenye rimu) kwenye duara la milimita 100, unapima katikati ya tundu hadi katikati ya tundu linalotazamana nalo. Zipo rimu za matundu 4 za 114.3, kwa macho unaweza usione tofauti, na kuna fundi atakwambia atachonga matundu yaingie. Huyo mwambie asante uondoke. Alafu tundu kubwa la katikati, habu (kitovu kinachoingia hapo) ya Toyota yako ni milimita 54.1. Rimu za Honda nyingi ni 56.1, zinaingia vizuri tu lakini zinacheza, ukifika 80 usukani unatetemeka utazunguka kwa watu wa balansi mpaka uchoke, kumbe inataka ringi ya katikati ya kuziba hiyo nafasi. Nyuma ya rimu kuna namba imeandikwa ET, ni milimita zinazoonyesha rimu inakaa ndani kiasi gani, hiyo gari inataka karibu na 40, ukipata ya 20 tairi inatoka nje itakula madigadi ukipakia na beringi zitakufa mapema.

Na nati. Mwanangu nati! Baba yako alibadilisha rimu wewe bado uko shule, akafunga za Toyota za aluminiamu, zile zinazotaka nati zenye washa bapa, fundi akarudishia nati za zamani za rimu za bati zenye mdomo uliochongoka. Tulikuwa tunatoka Korogwe, tumekaribia Hale usukani ukaanza kuyumba, baba yako akasimama pembeni, nati mbili unazungusha kwa vidole na tundu la rimu limelika limekuwa yai. Mimi na wewe na dada yako tulikuwa ndani. Mpaka leo nikisikia gari inagonga gonga chini moyo unashtuka. Kwa hiyo muulize muuzaji rimu zina nati zake? Kama hana tafuta zinazofanana na mdomo wa tundu, na uweke nati 4 za rimu ya bati kwenye buti kwa ajili ya spea.

Kufunga unakaza kwa kutazamana sio kwa kuzunguka, tairi bado haijabeba uzito, alafu ukishusha jeki unamalizia, kwa wenye spana ya kupimia nguvu ya kukaza ni Nm 103, asiruhusiwe mtu kupanda na miguu juu ya wilspana. Ukienda Muheza na kurudi kaza tena. Kabla ya kufunga sugua habu na brashi ya waya, chumvi ya bahari yetu hapa inatengeneza kutu na rimu haikai flati, na ile sehemu mpira unapolalia kwenye rimu ya mtumba isuguliwe pia, la sivyo kila asubuhi unajaza upepo.

Tairi za mtumba mimi sizipendi kwa gari ya mzigo, ila kama hela haitoshi angalia zile namba 4 za mwisho pembeni ya neno DOT ubavuni, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikizidi miaka sita iache hata kama meno yamejaa.

Jumamosi ukija muombe muuzaji wa rimu za 14 utakayempata akupe rimu moja yenye tairi, acha kitambulisho au rehani yoyote, tuivishe mbele tukate usukani kushoto na kulia mpaka mwisho, alafu nyuma na matenga ndani. Isipogusa popote ndo ukalipe.

Mama yako