Redio ya Upepo Ikinyamaza, Usikimbilie Aisii

Redio ya upepo, yaani ya kurusha na kupokea, ya Kenwood, Yaesu au Icom ya miaka ya 1970 na 1980 ikiwasha taa zote huku spika kimya, fundi wa Kigoma hushika solda na kung'oa aisii ya sauti, ile chipu inayokuza sauti. Mara nyingi aisii haina kosa lolote. Kilichoharibika ni mguso wa chuma ulioota utando, na unyevu wa ziwa hauusamehe.

Kabla ya kufungua boksi, tazama mshale wa mita inayoonyesha nguvu ya mawimbi. Usiku, peleka redio juu kidogo ya megahezi 7.2, waliko watangazaji wa masafa mafupi. Mshale ukicheza, redio inapokea na kilichokatika ni njia ya sauti tu. Hakikisha pia skwelchi, kidhibiti kinachonyamazisha spika pasipo na mawimbi, imefunguliwa na taa ya kurusha haijawaka. Swichi ya kipaza sauti ikinasa, redio hudhani unaongea na kujinyamazisha.

Sasa chomeka hedifoni. Sauti ikisikika huko, umemkaribia mwizi. Ndani ya tundu la hedifoni kuna kibati kinachopeleka sauti kwenye spika pale pini isipokuwepo, na kikiota utando spika hukatwa. Chomeka na kuchomoa pini mara ishirini hivi, ukiwa umeilowesha spiriti safi. Tundu la spika ya nje, nyuma ya redio, lina kibati kama hicho, nalo husahaulika. Spika yenyewe ipime ukiwa umeitenga: ya omu 8 husoma kama 6 hadi 8, na ukiigusisha betri ya volti 1.5 kwa sekunde moja, hutoa mlio wa "tak".

Kama sauti hupotea ukimaliza kurusha, kisha hurudi ukibonyeza swichi mara mbili tatu, shuku relei, swichi ya ndani inayohamisha redio kati ya kurusha na kupokea. Umeme wa mapokezi unaopita hapo ni mdogo mno, hauna nguvu ya kuunguza utando kama unavyofanya umeme mkubwa. Kata kipande cha karatasi ngumu, kiloweshe spiriti, kibane kati ya migusano na ukivute taratibu. Msasa usiuguse, maana unakwangua madini yaliyopakwa juu, na baada ya miezi michache tatizo linarudi likiwa baya zaidi. Petroli nayo huyeyusha plastiki.

Ukilazimika kuingia ndani, kumbuka kwamba redio zenye valvu, zile taa za kioo za kukuza mawimbi, kama FT-101 na TS-520 zina zaidi ya volti 500, na kapasita, vifaa vinavyotunza chaji, hubaki nayo hata baada ya kuzima. Chomoa umeme, subiri, kisha pima kwa testa kabla ya kuingiza mkono.

Redio ikiwa imewashwa, gusa pini ya katikati ya potensiometa ya sauti, ile ya kuongeza na kupunguza sauti, kwa ncha ya bisibisi yenye mpini wa plastiki. Spika ikivuma au kukwaruza, amplifaya ni nzima na kosa liko kabla yake. Ikikaa kimya, pima aisii. Redio nyingi za miaka ya 1980 zina aisii ya µPC2002, na TDA2003 huingia mahali pake bila kubadili waya: pini 1 ni ya kuingiza, 3 ni hasi, 4 ni ya kutoa, 5 ni ya umeme. Kwa volti 13.8 kwenye pini 5, pini 4 isome karibu nusu, yaani 6.9. Ikisoma karibu na sifuri au karibu na 13, aisii imekufa. Ikisoma nusu na sauti hakuna, lawama iende kwa kapasita inayofuata kuelekea spika, ambayo mara nyingi ni ya mikrofaradi 470 au 1000. Dalili yake hujitokeza mapema: sauti huwa nyembamba, kama mtu anaongea ndani ya kopo. Weka mpya ya volti 25 na nyuzi joto 105, ukichunga upande wa hasi. Za kufumuliwa kwenye redio mbovu za magari hazifai, zimeshakauka kama hiyo unayoitoa.

Aisii ukiagiza Kariakoo, chukua mbili au tatu, kwa kuwa bandia ni nyingi. Ukishaichomelea, usirudishe spika kwanza, weka rezista ya omu 8 hadi 10 mahali pake. Pima volti baada ya kapasita: zikibaki juu ya sifuri kwa kiasi kinachoonekana, kapasita inavuja na inaweza kuunguza koili ya spika.