Maswali ya wasomaji: Upele unaorudi

SWALI: Tuko saba katika vyumba viwili hapa Ndosho, Goma. Watoto wawili walikuwa wakijikuna usiku, kati ya vidole na kiunoni. Niliwapaka benzoati ya benzili ya 25%, wakapata nafuu, kisha upele ukarudi. Dawa ilikuwa ya uongo?

JIBU: Mama, dawa huenda ni nzima. Upele huu huletwa na wadudu wadogo sana wanaoishi ndani ya ngozi. Ulipaka wawili, na nyumba ina saba. Anayepata upele mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, na huku anaambukiza.

Pakeni wote jioni moja, hata asiyejikuna, kuanzia shingoni hadi nyayo: chini ya kucha, kitovuni, kati ya matako. Mtu mzima hupaka dawa kama ilivyo, huoga baada ya saa 24, kisha hupaka tena mara ya pili, basi. Miaka 2 hadi 12 ni vivyo hivyo, ila kijiko 1 cha dawa kwa 1 cha maji safi. Chini ya miaka 2, kijiko 1 kwa 3 vya maji, mara moja tu, kwa saa 12 (chini ya miezi 6, saa 6), na mikono ifungwe kitambaa asije akailamba. Anayenawa apakwe vidole upya. Hapo ndipo akina mama hukosea: mnaosha sahani, dawa inakwenda na maji, na vidoleni ndiko wadudu wanakopenda.

Nguo je? Wengi huambiwa wachemshe kila kitu. Anayesema hivyo hanunui maji kwa bidoni. Mdudu huyu akitoka mwilini hamalizi siku 3. Fungeni shuka na nguo katika mfuko wa plastiki siku hizo 3, mfue za kuvaa tu.

Mwasho huendelea wiki 2 hadi 4 hata wadudu wakishakufa. Msipake kila siku, mtaunguza ngozi. Mkiona vidonda vya usaha, uso umevimba au mkojo mweusi kama chai, nendeni kituo cha afya siku hiyohiyo: bakteria wa vidonda hivyo huweza kuharibu figo.

Wala msione haya. Upele hufuata msongamano kuliko uchafu. Shirika la Afya Duniani liliutia kati ya magonjwa ya tropiki yaliyopuuzwa mwaka 2017.

SWALI: Pomadi ya kung'arisha ngozi inanituliza upele. Niendelee?

JIBU: Acha. Soma kibandiko: ukiona clobetasol (dawa kali ya kutuliza ngozi), inazima mwasho tu, na mdudu anazidi kuzaana chini yake.