Maneno yalianza kupotea kabla ya kisu

Mkuu, pole sana na mzee. Umeuliza kama kukubali apasuliwe uvimbe upande wa kushoto wa ubongo ndiyo kukubali asiongee tena. Mimi nilipasuliwa upande huohuo, sehemu ya mbele, kwa hiyo nakupa yaliyonikuta.

Anza kumsikiliza sasa hivi, kabla hajalazwa. Baada ya upasuaji mke wangu aliwanung'unikia madaktari kwamba wameniharibu. Siku moja akafungua ujumbe wa sauti niliomtumia miezi miwili kabla. Sekunde 40 tu, nimesema "ile nanii" mara sita! Tulijua ni uchovu wa kazi. Uvimbe unaokua taratibu humpa ubongo nafasi ya kujipanga upya, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Mgonjwa akipimwa lugha kabla, ataambiwa ataje picha, arudie sentensi, ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika 1. Mimi nilifika 11, nikabaki namkodolea macho mtaalamu wa usemi. Ombeni matokeo hayo, la sivyo baadaye mtalinganisha na kumbukumbu, na kumbukumbu hupendelea. Kama mzee ana lugha mbili, apimwe zote, maana si lazima zirudi pamoja. Kwangu kilugha kilitangulia, Kiswahili kikafuata kinachechemea.

Katikati ya upasuaji niliamshwa. Ukiisikia inatisha, lakini ubongo wenyewe hausikii maumivu. Ganzi ni ya ngozi na vinavyoufunika. Unaonyeshwa picha, unasema "hii ni..." unamalizia. Ikaja picha ya ufunguo. Naujua, hadi vidole vinazungusha, neno hakuna. "Hii ni... hii ni..." Kumbe daktari amegusisha umeme kidogo pale. Alipoutoa, neno likadondoka lenyewe. Akaweka alama, pale hapakukatwa. Daktari Mfaransa Broca alionyesha eneo la usemi kwenye ubongo tangu 1861, ila mipaka yake hutofautiana mtu na mtu, kwa hiyo kila mmoja anachorewa ramani yake.

Siku ya kwanza niliongea vizuri, ndugu wakashangilia. Siku ya tatu nikawa karibu bubu. Ubongo ulikuwa umevimba, nikaongezewa steroidi, dawa ya kupunguza kuvimba huko. Hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa, na ndipo mapema mno kukata tamaa.

Maneno yaliporudi, ngeli zilikuwa zimevurugika. Namtazama mwanangu nasema "mtoto kimelala", nasikia kabisa nimekosea, siwezi kurekebisha. Saba sikuweza kuitamka peke yake. Nilianzia moja, mbili, tatu hadi niifikie. Kuhesabu, sala na nyimbo mara nyingi hubaki hata sentensi zikivunjika, na mtaalamu wangu alianzia hapohapo. Wiki ya sita ngeli zilikaa, mwezi wa tatu nikarudi kazini nusu siku.

Si wote hurudi hivyo. Inategemea aina ya uvimbe, ulipokaa, na kama njia za neva zinazobeba lugha ndani ya ubongo zimeguswa. Mimi bado majina ya watu yananipiga chenga, na simu kwenye kelele siishiki.

Mkienda kumwona, ingieni mmoja mmoja na msimmalizie sentensi. Mke wangu alikuwa ananimalizia kwa mapenzi tu. Nilitaka sana kumwambia anyamaze, na neno lenyewe silipati.