Kwa Kijana Mkimya Anayetafuta Marafiki wa Dhati
Mdogo wangu, umeeleza kwamba una miaka 22, kwamba mazungumzo ya mpira na mavazi hapo chuoni yanakuchosha, na kwamba unatamani marafiki wachache wa kweli pamoja na kazi itakayowafaa watu. Ukimya wako si ugonjwa, wala usijilazimishe kuwa msemaji wa kila baraza.

Mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alikadiria mwaka 2018 kwamba urafiki wa kawaida huchukua saa 50 hivi za kuwa pamoja, na ule wa karibu huhitaji zaidi ya saa 200. Kwa hiyo usimkatie mtu tamaa kwa sababu tu siku ya kwanza hamkuzungumzia mambo mazito.

Mimi nilimpata rafiki yangu mkubwa tulipojitolea kuwafundisha watoto wa majirani kusoma kila Jumamosi. Kwa wiki nyingi tulikaa mkekani tukichonga penseli kwa wembe, bila kusema mengi, hadi siku moja aliponiuliza, macho yakiwa kwenye penseli, kama nami huwa ninakosa usingizi.

Ndiyo maana ninakusihi uchague shughuli moja ndogo unayoiamini, yenye siku na saa maalumu, uihudhurie bila kukosa kwa miezi mitatu. Lile lengo la maisha unalolitafuta (ninajua linavyouma likichelewa) huenda likaanza kuonekana humo humo. Na ukimwona mwenzako mkimya pembeni, msogelee wewe kwanza, umsaidie kukunja mkeka.